Rupia Kubwa ya Kisondela

S.L.P. 87,
Tukuyu.
6 Machi 1993

Wifi Veronika,

Hujambo na mitumba yako? Sisi tupo. Mvua haijapumzika tangu Jumatatu, nguo za Tusekile zinanuka uvundo, na kaka yako Ezron bado yuko Kyela na kampuni yake mpya ya kununua kakao, anarudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili kama mgeni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikafika pale ulipoandika kwamba Bwana Zuber amekuambia una jicho kali kuliko aliyekufundisha, nikaiweka chini nikaenda kupepeta mchele. Aliyekufundisha si mimi? Au kuna mwingine huko Mbeya? Ni mimi niliyekukalisha hapa sebuleni mwaka ule nilipopunguzwa kazi ya taipu pale ushirika, nikakupa lenzi yangu ya pili, nikakuonyesha masharubu ya mfalme wa Wajerumani na ndege aliyekaa juu ya kofia yake ya chuma. Nikakupa na madaraja yangu manne niliyoyatunga mwenyewe: mbichi, yaani ile ambayo haijapita mikononi mwa watu; imetembea; imechoka; na mfu, ile isiyo na sura wala mwaka. Ulikuwa hujui hata kwamba rupia ni fedha na heleri ni shaba. Sasa eti una jicho. Haya, wifi, una jicho.

Zamani Zuber akitoka Dar alikuwa anafikia kwangu kwanza. Siku hizi anashuka Mbeya, anakunywa chai yako, na akifika Tukuyu mkoba umeshajaa, ananunua kwangu mbili tatu za kunionea huruma. Nakwambia wazi, inaniuma, na wala sioni haya kusema.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Mwisho wa barua umetupia neno kama mtu anayetupa ganda la ndizi: eti Baba ana "rupia kubwa" kwenye kopo la tumbaku, ulikuwa unaichezea utotoni. Kubwa kiasi gani? Unajua unachosema? Rupia zote tulizonunua mimi na wewe, Mpuguso mpaka Igogwe, zina upana mmoja. Kubwa kuliko hizo iko moja tu kwenye kitabu changu cha Kijerumani, ile rupia mbili kwa pamoja, na mimi sijawahi kuishika. Zuber mwenyewe nadhani hajawahi.

Na mimi siwezi kwenda kuuliza. Huu ni mwaka wa kumi na nne nimeolewa kwenu na sijamwona baba mkwe uso kwa uso. Nikisikia kikohozi chake njiani natupa kuni, naingia migombani. Wachungaji wamesema mila hiyo iachwe, wenzangu wa Mpuguso wanakula na wakwe zao meza moja, lakini Baba anashikilia ya zamani: mkamwana hamwoni baba mkwe, hataji jina lake, haingii nyumba aliyomo, mpaka siku mzee mwenyewe atakapomfungulia kwa kumpa kitu mkononi. Mimi hajanifungulia. Nyumba yenu naijua bati lake tu. Wewe unaingia, unakaa karibu naye, unafunua kopo. Hujui bahati uliyonayo.

Ukienda Kisondela kwa Baba, chukua karatasi nyembamba, weka juu ya hiyo rupia, sugua na penseli laini, pande zote mbili, sura itoke. Usiioshe. Nasema usiioshe, si kwa jivu, si kwa limau, si kwa dawa ya meno! Unakumbuka ulivyoziua zile tatu za Bibi Esnath kwa kuzing'arisha? Niletee huo mchoro.

Wako,
Lilian (Mama Tusekile)


Mbeya,
22 Machi 1993

Wifi yangu mpenzi,

Jamani usininunie! Barua yako nimeisomea sokoni, nimecheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye na suruali aliyokuwa anaijaribu. Zuber alisema, mimi nikaandika. Ningejua utakwenda kupepeta mchele kwa hasira ningelimeza hilo neno.

Kisondela nimekwenda Jumamosi. Baba goti linamsumbua ila mdomo mzima. Nilipoomba kopo akacheka, akasema, "Wewe mtu mzima bado unataka kuchezea vitu vyangu?" Akalifungua mwenyewe. Wifi, ni kubwa! Nikiiweka kiganjani inafika mwanzo wa vidole, na ni nzito. Nimeisugulia penseli kama ulivyosema, karatasi mbili nimezifunga humu, nyingine mbili nimebaki nazo. Sikuiosha, sikuipulizia hata pumzi.

Habari yake unaijua? Baba anawasimulia wajukuu kila Krismasi. Baba yake alibebea Wajerumani mizigo miezi mitatu, kutoka ziwani kupanda mpaka huku milimani, masanduku ya misumari na ya vitabu, na siku ya mwisho wakamlipa hiyo rupia moja. Wenzake walipewa shanga na vitambaa. Yeye akakataa shanga, akasimama pale mpaka wakampa fedha. Baba akifika hapo huwa anasimama kweli, hata na goti lake bovu, kuonyesha jinsi baba yake alivyosimama.

Akauliza habari zako. "Mama Tusekile bado anatafuta hela za Wajerumani?" Nikasema ndiyo, ni mwalimu wetu sote, akisema kitu kuhusu rupia hakuna wa kubisha. Akasema "Hm," akafunga kopo. Unamjua Baba. Aa, samahani, humjui.

Sasa nikamwambia, Baba, nipe mimi basi. Akajibu kwamba hiyo ina mwenyewe. Mwenyewe nani kama si mimi? Kaka Ezron hajui rupia wala heleri. Nafikiri ananitania, Pasaka atanipa. Nimeshaiachia nafasi ukurasa wa kwanza wa albamu yangu, peke yake, bila jirani. Zuber akiiona ataanguka!

Niambie haraka ni daraja gani.

Wifi yako,
Vero


S.L.P. 87,
Tukuyu.
27 Machi 1993

Wifi Veronika,

Mchoro nimeupata. Pole sana, ni bandia.

Nimeutazama kwa lenzi siku mbili. Manyoya ya ndege ni mazito mno, ya kweli huwa membamba kama nywele za mtoto. Mwaka umeandikwa 1893 lakini hiyo tarakimu ya tatu imechorwa kwa sindano. Na karatasi yako ina nukta nukta kwenye shavu la mfalme, maana yake kitu hicho kimemiminwa kwenye udongo, hakikugongwa kwa mashine. Ndani ni risasi, juu wamepaka maji ya fedha. Wapo waliokuwa wanatengeneza vitu hivyo zamani kuwauzia watu wa vijijini. Mfu, wifi. Si mfu hata, kwa sababu mfu aliwahi kuishi.

Irudi kwenye kopo ikae hukohuko. Usimwonyeshe Zuber, atakucheka, na mimi mwalimu wako nitachekwa pamoja nawe. Ukurasa wako wa kwanza weka ile ya 1911 niliyokupa.

Lilian


S.L.P. 87,
Tukuyu.
27 Machi 1993

Kwa Bwana Zuber,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Salaam Bwana Zuber, natumaini swaumu imepita salama kwako na kwa mama Rahima.

Nakuandikia jambo na naomba libaki kifuani kwako. Nimeiona rupia mbili. Sikuiona yenyewe, nimeona mchoro wake wa penseli, lakini ule mchoro mtu kipofu angeusoma kwa kidole. Mwaka 1893. Simba na mti wake upande mmoja, mfalme upande wa pili, na ndege juu ya kofia ana manyoya yote, moja moja, unaweza kuyahesabu. Haijatembea popote. Imekaa kwenye kopo la tumbaku Kisondela miaka mia. Nilimwaga chai kwenye kitambaa.

Ni ya baba mkwe wangu. Aliyenisugulia ni wifi yangu Veronika, unayemjua sana siku hizi. Nimemwambia ni bandia. Ndiyo, nimemdanganya, na najua sasa hivi unatikisa kichwa. Lakini sikiliza. Miaka tisa natembea kwenye tope la nchi hii nikibisha hodi kwa vikongwe, nanunua rupia zilizotobolewa za kuvaa shingoni, nalala na kitabu cha lugha nisiyoijua, nakisoma kwa picha. Yeye ana miaka mitatu tu. Anaingia kwa baba yake, anasema "nipe", anapewa. Mimi siruhusiwi hata kuijua sura ya huyo mzee! Anaandika eti ukurasa wa kwanza ameuacha wazi.

Pasaka mume wangu atakuwa nyumbani. Nitamtuma Kisondela aiombe yeye, ni mwana wa kiume, baba hawezi kumnyima. Ikishafika mkononi mwangu nitajua la kumwambia Veronika. Wewe ukipita Mbeya usiseme kitu.

Wako,
Lilian, Mama Tusekile


Kariakoo,
Dar es Salaam.
5 Aprili 1993

Mama Tusekile,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Rahima anakusalimu na anaulizia zile ndizi zenu za malindi.

Barua yako nimeisoma dukani nikaenda kuisoma tena nyumbani. Dada yangu, mimi nimezaliwa hapohapo Tukuyu nyuma ya soko, hizi hela nanunua tangu wakati ambapo tulizificha kwa kuogopa kuitwa walanguzi, na hiyo unayoisema nimeiona mara moja tu, imetobolewa, imechoka, na bado mzungu aliyeichukua alitoka mbio kabla sijabadilisha mawazo. Kama mchoro wako ni wa kweli basi hakuna mtu nchi hii mwenye nzuri kuliko hiyo.

Kwa hiyo nakuomba sana, mwambie wifi yako ukweli leo. Wewe kwetu ni mizani. Mama Tusekile akisema bandia, watu wanatupa. Mimi mwenyewe nimetupa. Kitu ambacho mtu anaamini ni takataka anakifanya lolote, na wewe uko mbali nacho.

Na lile neno la jicho. Nilimwambia Veronika kwamba amekupita. Wewe mwaka juzi nilikwambia umenipita mimi. Nawaambia wote, mama, ndiyo biashara yangu, anayesifiwa hupunguza bei. Nisamehe kama nimewasha moto nyumbani kwa watu.

Ndugu yako,
Zuber


SIMU YA MAANDISHI
TUKUYU, 13 APRILI 1993
KWA VERONIKA, MBEYA

USIUZE RUPIA YA BABA. USIMPE MTU. BARUA INAFUATA. LILIAN


Mbeya,
15 Aprili 1993

Wifi,

Simu yako imefika jana mchana. Umechelewa, na sasa nataka uniambie umechelewa kwa lipi.

Nakueleza kila kitu kilivyokuwa. Nilipopata barua yako ya kuniambia ni bandia nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikaona si vizuri Baba aendelee kujidanganya, maana juzi alisema ina mwenyewe, anaweza kumpa mtu wa nje tukaaibika ukoo mzima. Jumamosi ya tarehe tatu nikaenda nikamwambia. Hakubisha. Aliuliza tu: "Nani kasema?" Nikasema Lilian. Akauliza, "Ameitazama vizuri?" Nikasema siku mbili, kwa lenzi. Halafu akanipa kopo lote, akasema nikaitafutie mtu wa kuinunua kwa thamani yake yoyote ile, na kitakachopatikana ninunue kitenge kizuri, doti nzima, na nisiulize cha nani.

Alhamisi kabla ya Pasaka nikaenda kwa sonara. Mimi si mwizi, nikamwambia ukweli: mzee, hii ndani ni risasi, juu maji ya fedha, mtaalamu wetu amesema. Akasema basi tuione hiyo risasi. Akaiweka juu ya chuma chake, akaweka patasi, akapiga nyundo. Kofia ya mfalme huku, kidevu kule. Ndani nyeupe. Akakata tena, vipande vinne, nyeupe mpaka katikati. Akanitazama juu ya miwani. "Mama, huyo mtaalamu wako ni nani? Hii ni fedha safi kuliko bangili zangu zote zilizomo kwenye kabati." Vipande vinne vitanifaa nini? Nikamwachia kwa bei ya fedha. Akavitia kwenye chungu na mabaki ya hereni, vikayeyuka mbele yangu.

Kitenge nimenunua, cha wax, kizuri, na bado nimembebea Baba sukari na sabuni. Nimempelekea Jumamosi, ila habari ya fedha sikumwambia, nataka kwanza nisikie kwako.

Sasa wewe. Ule mwaka niliusoma mwenyewe kwa lenzi uliyonipa. Uliposema tarakimu ya tatu imechorwa, nilirudia mchoro niliobaki nao, nikaangalia, haikuchorwa. Nukta za shavuni sikuziona. Nikasema moyoni, Vero, hujui, mwalimu anajua. Nikanyamaza kwa sababu ya heshima yako. Kaka Ezron naye kafika Kisondela Pasaka, kitu cha kwanza kuuliza ni hiyo rupia. Mtu asiyejua rupia! Nani kamtuma? Na kama ni bandia, kwa nini umenipigia simu nisiiuze?

Sitaandika tena mpaka unijibu.

Veronika


Kisondela,
19 Aprili 1993

Mkamwana wangu Lilian,

Ugonile, hujambo. Mimi Andongwisye, baba wa Ezron, nakuandikia kwa mkono wangu. Kusoma nilifundishwa shule ya misheni, miaka minne, kwa hiyo usishangae herufi kuwa kubwa. Nimefikiri sana kama kuandikiana barua ni sawa na kuonana. Nimeona si sawa. Kwa hiyo naandika.

Nataka kukushukuru. Ile rupia niliiweka iwe yako. Toka mwaka ule niliposikia unazunguka vijijini kutafuta hela hizo nikasema, basi, siku ya kumfungulia mkamwana huyu nitampa ile ya baba yangu. Mke wangu marehemu alisema mpe mapema. Mimi nikasema subiri, kitu kikubwa hakiendi mbio. Nimekawia, hilo ni kosa langu. Mwaka huu goti limenionya, nikapanga iwe baada ya Pasaka.

Veronika aliponiambia kwamba umeitazama na ni bandia, niliona aibu kubwa. Ningekuita, ningekupa mkononi mbele ya watu, na wewe ungejua palepale kwamba mkweo anakupa uongo. Mkamwana mwingine angekaa kimya ili apokee. Wewe ulisema. Umenisitiri. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Sasa hela ya kitu kile nimenunulia kitenge. Si kikubwa lakini si bandia. Jumapili tarehe mbili Mei, baada ya ibada, uje nyumbani. Njoo mwenyewe na watoto. Nitakuwa nimekaa nje mbele ya mlango, ukiniona usikimbie.

Baba yako,
Andongwisye


S.L.P. 87,
Tukuyu.
5 Mei 1993

Veronika,

Wiki tatu sijakujibu. Nilianza barua nne nikazitia motoni. Ulichokishuku ndicho chenyewe. Ilikuwa ya kweli, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona hata kitabuni, na mimi nilijua tangu nilipofungua bahasha. Nilikuonea wivu. Sina neno jingine la kulipamba. Nilikuonea wivu kwa sababu ya Zuber, kwa sababu ya huo ukurasa wako wa kwanza, na zaidi ya yote kwa sababu wewe unakaa na Baba unakunywa naye chai na mimi nakaa migombani. Nikaona afadhali isiwe ya mtu. Hapana, hata hapo nadanganya. Nikaona iwe yangu. Ezron nilimtuma mimi.

Kumbe ilikuwa yangu. Barua ya Baba nimeiambatisha, isome.

Sasa nikueleze Jumapili, kwa sababu utasikia ya watu na mimi nataka uipate kwangu.

Nilikwenda na Tusekile na wadogo zake. Ezron hakupata ruhusa. Tulipokaribia, miguu ilitaka kuingia migombani yenyewe kwa mazoea, Tusekile akanivuta mkono. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti, amevaa koti. Wifi, ni mfupi! Miaka yote kikohozi chake kilinifanya nidhani ni mtu mrefu. Ana masikio ya Ezron. Nilipiga magoti nikainamisha uso, akasema, "Inua, nikuone," nikainua, tukaangaliana. Alikuwa na machozi. Akanipa kitenge mkononi. Akinamama walipiga vigelegele.

Ningeondoka hapo ningekuwa nimepona. Lakini alikuwa amewaita majirani. Jirani wa kule juu alikuja na mke wake, Ambwene mzee wa kanisa naye akaja, na kila mmoja amebeba kopo lake au kitambaa kilichofungwa. Baba akasimama akawaambia, "Huyu ndiye mkamwana wangu. Mwenye hela ya zamani amwonyeshe. Hadanganyi, hata kwangu hakunidanganya." Nikakaa kwenye mkeka, nikashika lenzi, nikaziangalia rupia zao moja baada ya nyingine. Zote za kweli, zimechoka tu. Nilisema za kweli, wakashangilia, na kila nikisema hivyo Baba anatikisa kichwa kwa kuridhika huku mimi natamani ardhi inimeze.

Kisha Tusekile, hana hili wala lile, akasema, "Babu, tusimulie babu mkubwa alivyowakatalia Wajerumani shanga." Unajua watoto wanavyoipenda habari hiyo. Baba akacheka kidogo, akakaa. Akasema, "Hiyo hatusimulii tena. Baba yangu alikuwa mjinga. Alibeba masanduku miezi mitatu, wenzake wakapata vitambaa wakawavika wake zao, yeye akakataa, akasimama pale anajiona mwanamume, wakampa risasi iliyopakwa rangi. Nimetembea na ujinga wake maisha yangu yote." Majirani wakacheka. Yule wa kule juu akasema Mzungu ni Mzungu. Baba naye akacheka pamoja nao, Veronika, akamcheka baba yake mwenyewe, na mimi nimekaa miguuni pake na kitenge chake begani.

Hapo nikashindwa. Nilisema, "Baba, ilikuwa ya kweli." Hakusikia, nikarudia kwa sauti. "Ilikuwa fedha. Baba yako alilipwa fedha. Hakuna aliyelipwa kama yeye." Akauliza, "Ulijua lini?" Nikasema, siku ile ile. Akauliza, "Kabla ya kumwambia Veronika?" Nikasema kabla.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama, akashika kiti chake kwa mikono miwili, goti likimsumbua, yule jirani wa kule juu akataka kumsaidia akamkatalia. Akakigeuza. Akakaa tena akitazama ukuta wa nyumba, na mimi nikabaki na mgongo wake na kola ya lile koti. Miaka kumi na minne mimi ndiye niliyekuwa namkimbia, na sasa anayejificha ni yeye, nami ndiye nimemfanya ajifiche.

Nilikunja kitenge nikakiweka juu ya mkeka. Sikuwa na haki ya kukichukua.

Nilipokuwa naondoka nikamsikia anaita, "Tusekile! Waite wenzako. Njooni hapa mbele yangu." Wakazunguka upande ule wa ukuta, wakabanana. Akawaambia kwamba baba yake hakuwa mjinga, kwamba yeye ndiye aliyekosea kusema hivyo, na akaanza upya kutoka ziwani, masanduku ya misumari, masanduku ya vitabu, kupanda mlima. Alipofika pale pa kukataa shanga akasimama. Nilimwona kwa nyuma jinsi alivyonyooka.

Nilisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake, hakuna aliyenikaribisha na hakuna aliyenifukuza. Halafu nikateremka peke yangu kutafuta gari la Tukuyu. Watoto walilala huko.

Lilian